Kwa Nini Chini ya Bahari Kuna Pumzi na Chini ya Tanganyika Hakuna

Ukitoka Mtwara kwa chombo ukaelekea mashariki, hutakwenda mbali sana kabla ya kufika penye kina cha mita 3,000. Teremsha kipimajoto hapo hadi sakafuni, nacho kitasoma nyuzi joto 1 au 2. Juu, bahari hiyo hiyo ina nyuzi 28. Jua la tropiki limeipiga mwaka baada ya mwaka, na bado joto lake halijafika chini. Tena kule chini kwenye giza kuna oksijeni. Wako samaki, wako kaa, wako majongoo ya bahari wanaotambaa kwenye tope.

Sasa njoo Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, yaani halifiki hata nusu ya kile cha baharini tulichokitaja. Maji yake ya chini kabisa yana nyuzi 23 na ushee, joto la kuogea. Lakini ukipita mita 100 upande wa kaskazini, au 200 hivi upande wa kusini, oksijeni imekwisha. Kilichopo ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo haina samaki hata mmoja, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu sana.

Bahari yenye kina kikubwa zaidi inapumua, ziwa lenye kina kidogo limekosa hewa. Ukimuuliza mtu kwa haraka atasema bahari ina mawimbi makubwa. Sivyo. Mawimbi hayafiki mita 200, sembuse 3,000. Jibu liko mbali na hapa, kwenye ncha za dunia, mahali ambapo maji hufanywa mazito kiasi cha kuzama yenyewe hadi sakafuni. Ila kwa mtu wa Mwanza njia rahisi ya kulifikia inaanzia hapa hapa ziwani.

Ziwa Victoria ni pana mno, karibu kilomita za mraba 69,000, lakini halina kina cha kutisha: penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, na wastani ni mita 40. Kuanzia Septemba hadi Mei maji ya juu hupata joto, yakawa mepesi, yakatanda juu ya yale ya chini ambayo yamepoa kidogo. Tofauti yenyewe ni ndogo ya kuchekesha, nyuzi 1 au 2, mtu akitia mkono hataihisi. Lakini inatosha kuyatenga. Mwani unaokufa juu huzama na kuozea chini, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni, na kwa kuwa hakuna maji mapya yanayoshuka, oksijeni hupungua mwezi hadi mwezi. Ikifika Machi au Aprili, sehemu za kina zinakuwa karibu hazina kitu.

Kisha kinakuja kipupwe. Juni, Julai na Agosti upepo mkavu huvuma kutoka kusini mashariki, na maji ya juu hutoa mvuke kwa wingi. Mvuke unapoondoka huondoka na joto. Maji yaliyobaki hupoa, huwa mazito, huteremka, na ziwa zima hukorogeka hadi chini. Hiyo ndiyo pumzi yake ya mwaka. Ikitokea dhoruba kali nje ya msimu, ule ukorogaji huja kwa vurugu: maji ya chini yasiyo na oksijeni hupandishwa ghafla, na sangara huwa miongoni mwa wa kwanza kufa, kwa maana yeye si kamongo anayeweza kuja juu kuvuta hewa. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wakiwa wamekufa upande wa Uganda, na serikali ya huko ilitaja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kukoroga maji. Wafugaji wa sato kwenye vizimba ndio wanaoliogopa zaidi jambo hili, kwa sababu samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia.

Kwa nini nyuzi mbili tu ziwe na nguvu hivyo? Kwa sababu maji ya joto hubadilika uzito kwa urahisi. Chukua mita moja ya ujazo ya maji baridi ya ziwa, yasiyo na chumvi. Ikiwa na nyuzi 25 ina kilo 997. Ipoze kwa nyuzi moja na uzito wake utaongezeka kwa takriban gramu 260. Gramu hizo hazionekani kuwa kitu, lakini zidisha kwa mamilioni ya mita za ujazo, uone upepo utahitaji nguvu gani kulinyanyua tabaka la chini. Tanganyika, lenye tofauti ya nyuzi tatu hivi kati ya juu na chini na kina cha zaidi ya kilomita moja, halina upepo wa kuliweza. Na oksijeni haishuki peke yake. Katika maji yaliyotulia tuli, kusambaa kwake mita mia moja tu kungechukua zaidi ya miaka laki moja. Ili hewa ifike chini, lazima maji yaliyokuwa juu yashuke nayo.

Basi swali la bahari linakuwa hili: ni maji gani yaliyokuwa juu, yakashuka hadi mita 3,000 mbele ya Mtwara, na yalishukia wapi? Kwa hakika hayakushukia Mtwara.

Nahodha na ndoo yake

Mtu wa kwanza kuandika kuhusu baridi hii hakuwa mwanasayansi. Alikuwa nahodha wa meli ya biashara ya utumwa. Mwaka 1751 Henry Ellis, Mwingereza, akiwa ndani ya meli yake Earl of Halifax katika sehemu ya joto ya Atlantiki, alitumia ndoo maalumu iliyobuniwa na mchungaji Stephen Hales. Ilikuwa na vifuniko vilivyofunguka ikishuka na kujifunga ikipandishwa, ili ibebe maji ya kule chini. Aliishusha hadi zaidi ya mita 1,600. Maji aliyoyapandisha yalikuwa na nyuzi 12 hivi, wakati juu kulikuwa na nyuzi 29. Huko chini yalikuwa baridi zaidi ya hapo, maana ndoo ilijipatia joto njiani ikipanda. Ellis alimwandikia Hales kwamba jambo hilo limewafaa sana: wanapata maji ya kuogea na wanapoza mvinyo wao katika joto kali. Waliofungwa minyororo chini ya sitaha ya meli za namna hiyo hawakuwa na sehemu katika starehe hiyo, na sioni sababu ya kulipita hilo kimya wakati historia ya elimu ya bahari inapomtaja nahodha huyo.

Karibu nusu karne baadaye Benjamin Thompson, aliyejulikana zaidi kama Count Rumford, alitoa maelezo. Alisema maji baridi yaliyo chini ya bahari ya joto hayawezi kuwa yamepoa hapo hapo. Lazima yametoka kwenye ncha za dunia na kusafiri kando ya sakafu. Hakuwahi kwenda huko kuyaona, lakini alikuwa sahihi.

Baridi peke yake haitoshi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na hata maelezo mengi ya mashuleni huishia njiani. Inasemwa kuwa maji ya ncha ni baridi, baridi huyafanya mazito, basi yanazama. Ingekuwa hivyo tu, Bahari ya Aktiki nzima ingekuwa inazama, na Pasifiki ya kaskazini pia. Hazizami. Kwenye Aktiki mito mikubwa ya Siberia, Ob, Yenisei na Lena, humimina maji baridi yasiyo na chumvi, hata ikawa bahari hiyo ndogo inapokea takriban sehemu moja ya kumi ya maji yote ya mito duniani. Maji hayo hutanda juu. Yanapoa hadi yanaganda, na bado hayana uzito wa kuteremka. Pasifiki ya kaskazini nayo ina chumvi kidogo kuliko Atlantiki, kwa hiyo hata katikati ya majira yake ya baridi kali maji yake ya juu hushuka mita mia chache tu yakakwama.

Chumvi ndiyo mwamuzi. Kuna sababu mbili, na zote ziko katika tabia ya maji yenyewe.

Ya kwanza inahusu nyuzi 4. Maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo huanza kuwa mepesi, ndiyo maana maziwa ya Ulaya huganda juu huku chini yakibaki na nyuzi 4 na samaki wakiendelea na maisha yao. Maji ya bahari hayana tabia hiyo. Yakiwa na chumvi yake ya kawaida, gramu 35 kwa kila kilo, yanaendelea kuwa mazito hadi yanapoganda, na yanaganda kwenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri.

Ya pili haizungumzwi sana, nami naiona ndiyo yenye uzito. Kadiri maji yanavyozidi kuwa baridi, ndivyo kuyapoza zaidi kunavyopungukiwa na faida. Mita ya ujazo ya maji ya bahari ya Dar es Salaam ikipoa kwa nyuzi moja huongezeka gramu 300 na zaidi. Mita ile ile ikiwa Antaktika, karibu na kuganda, ikipozwa kwa nyuzi moja huongezeka gramu 30 au 50 tu. Chumvi haipungui nguvu namna hiyo. Gramu moja ya chumvi kwa kilo ya maji huongeza takriban gramu 800 kwa mita ya ujazo, iwe Dar es Salaam au Antaktika. Kwa hiyo kule kwenye ncha, chumvi kidogo sana, sehemu moja ya kumi ya gramu, ina kazi kubwa kuliko kushusha joto kwa nyuzi nzima.

Swali linageuka tena: chumvi hiyo ya ziada inatoka wapi, mahali ambapo jua halikaushi kitu?

Kiwanda cha barafu

Kila mtoto wa Mwanza aliyewahi kununua barafu ya ubuyu kwenye kifuko anajua jibu. Ukiifyonza kwa nguvu, utamu na rangi vyote hutoka kwanza, ukabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Maji yanapoganda hujipanga kwa utaratibu mkali, molekuli kwa molekuli, na katika mpangilio huo hakuna nafasi ya sukari wala rangi, hivyo vinasukumwa pembeni. Bahari ikiganda hufanya hivyo hivyo kwa chumvi. Barafu changa ya baharini hubaki na theluthi moja ya chumvi au chini yake, na hiyo yenyewe imenaswa ndani ya vishimo vidogo. Iliyobaki hutiririka chini kama maji ya chumvi kali, baridi kabisa.

Lakini barafu ina tatizo moja: ikishaganda, inakuwa blanketi. Inazuia joto la bahari lisitoke, na uzalishaji unapungua. Ili kiwanda kifanye kazi mfululizo, mtu lazima awe anaiondoa barafu kila inapotengenezwa. Kule Antaktika mwenye kazi hiyo ni upepo. Hewa inayokaa juu ya lile bara lililoinuka la barafu hupoa, huwa nzito, na huporomoka kwenye miteremko kuelekea pwani kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa. Inafika baharini na kuisukuma barafu changa mbali na ufuko. Panabaki uwazi wa maji meusi katikati ya barafu, majira ya baridi, hewa ikiwa na nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Uwazi huo huitwa polinya. Maji yanaganda, upepo unaisukuma barafu, mengine yanaganda, na kila mara chumvi inadondoka chini.

Polinya ya Ghuba ya Terra Nova, kwenye Bahari ya Ross, ni mojawapo ya zilizochunguzwa sana. Si kubwa ukiilinganisha na bahari inayoihudumia. Nyingine iko mbele ya Rasi ya Darnley, upande wa Antaktika unaoielekea Bahari ya Hindi. Hii ilithibitishwa na watafiti wa Japani na wenzao mwaka 2013 kuwa chanzo cha maji ya vilindi. Ukiongeza Bahari ya Weddell na pwani ya Adélie, umemaliza orodha ya mahali pakuu. Kati ya ufuko wote wa bara zima, ni sehemu hizo chache tu.

Maji yanayotengenezwa hapo hujaza kwanza ukingo wa bara, yaani sakafu ya bahari inayopakana na ufuko, ambao kule Antaktika huwa na kina cha mita 500 hivi, zaidi ya kingo za mabara mengine. Mengine huingia chini ya mabamba ya barafu yanayoelea, kama lile la Filchner-Ronne, na huko hukutana na jambo la kushangaza. Chini ya mgandamizo mkubwa maji huganda kwenye joto la chini zaidi. Kwa hiyo maji yenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri, yakifika kwenye tumbo la bamba lililo mamia ya mita chini, ni ya moto kiasi cha kuyeyusha barafu. Yanaiyeyusha, yanapoa kwa kazi hiyo, na yanatoka yakiwa na baridi kuliko ile ambayo maji ya juu yanaweza kufikia bila kuganda.

Hatimaye yanafurika ukingoni na kuanza kuporomoka kwenye mteremko wa bara. Hayashuki moja kwa moja. Dunia inazunguka, na katika nusu ya kusini mzunguko huo huyapindisha yaendayo yote upande wa kushoto, hivyo maji hujikuta yakienda sambamba na mteremko, yakiteremka kwa mshazari. Sisi tulio karibu na ikweta hatuihisi nguvu hiyo, ilhali kule Antaktika ndiyo inayotawala. Msuguano na mabonde ya sakafuni huyasaidia kuteremka. Njiani yanajichanganya na maji jirani yenye joto kidogo, ujazo wake unaongezeka mara kadhaa, na ile baridi kali inapungua. Jambo moja linayapendelea: maji baridi hugandamizika kirahisi kuliko ya moto. Kila yanaposhuka, mzigo wa maji ya juu huyabana zaidi kuliko unavyowabana majirani zake, na uzito wake unazidi kuwashinda. Yakishaanza kushuka, kina chenyewe kinayavuta.

Kwa makadirio, maji yenye asili ya Antaktika ya namna hii yanajaza zaidi ya theluthi moja ya bahari zote za dunia. Wastani wa joto la bahari nzima, ukichanganya Zanzibar, Karibi na kila mahali penye fukwe za watalii, ni nyuzi 3.5 tu hivi. Tabaka la joto tunalolijua ni jembamba mno.

Upande wa kaskazini kazi ni ileile ila kwa njia nyingine. Mikondo ya Atlantiki hubeba maji ya tropiki yaliyokwisha kupata chumvi kwa kukaushwa na jua, ikayafikisha karibu na Greenland na Norway. Huko hewa baridi huyapokonya joto lake, na kwa kuwa chumvi tayari yanayo, kupoa kunatosha kuyazamisha bila kusubiri barafu. Kwenye Bahari ya Labrador, majira ya baridi makali ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikoroga maji hadi zaidi ya mita 2,000. Kati ya Greenland na Iceland kuna mlango wa bahari wenye kizingiti chini ya maji. Maji mazito ya kaskazini hufurika juu ya kizingiti hicho na kuporomoka kilomita kadhaa hadi sakafu ya Atlantiki, kiasi cha mita za ujazo milioni 3 kila sekunde. Nile inapotoka ziwani kwetu pale Jinja hupitisha mita za ujazo 1,000 hivi kwa sekunde. Maporomoko hayo ya chini ya bahari, yasiyo na sauti wala mtalii, ni kama Nile 3,000 za Jinja.

Bahari ya Hindi haina bahati hiyo. Kaskazini yake imezibwa na Asia, haina ncha ya kwake, hivyo maji ya vilindi vyake yanatoka kusini. Yanapanda kutoka Antaktika, yanapita mashariki ya Madagaska, yanajipenyeza kwenye Mlango wa Amirante karibu na Shelisheli, na kuingia Bonde la Somalia, ambalo ndilo sakafu ya bahari ya Afrika Mashariki. Zile nyuzi 1 au 2 za mbele ya Mtwara zimetoka huko. Oksijeni iliyomo ilivutwa kwenye hewa ya Antaktika kabla ya maji kuzama, wakati ambao watu waliokuwa wakivua hapa hawakuwa babu zetu bali babu wa babu zao. Maji ya kilindi ya Pasifiki ya kaskazini ni ya zamani zaidi: kwa kupima kaboni ya mionzi iliyomo, yamepita zaidi ya miaka 1,000 tangu yaguse hewa.

Kuhusu namna yanavyorudi juu, nitasema kwa kifupi. Maji yanayozama hayawezi kuyasukuma yote mengine yapande, yangejaza tu chini na kazi ikasimama. Nusu ya pili ya safari inaendeshwa na pepo za magharibi zinazoizunguka Antaktika, ambazo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyavuta ya chini yachukue nafasi, pamoja na maji kujaa na kupwa, ambayo hugonga milima ya chini ya bahari na kukoroga matabaka polepole. Mwezi una mkono humo. Mwaka 1961 Henry Stommel, Mmarekani, alionyesha kwa hesabu fupi kwamba mfumo unaosukumwa na joto na chumvi kwa pamoja unaweza kuwa na hali mbili tofauti, zote zikiwa imara: unaozama kwa nguvu, na uliodhoofika. Unaweza kutoka moja kwenda nyingine kwa kumwagiwa maji yasiyo na chumvi ya kutosha.

Ziwa lilipokauka

Hesabu ya Stommel si ya kwenye karatasi tu. Miaka 17,000 hivi iliyopita, mwishoni mwa enzi ya barafu, makundi makubwa ya vilima vya barafu yalimiminika Atlantiki ya kaskazini na kuyeyuka. Mashapo ya sakafu ya Atlantiki yanaonyesha kuwa mzunguko wa vilindi ulidhoofika hadi karibu kusimama. Katika kipindi hicho hicho Ziwa Victoria lilikauka. Mabomba ya kuchukulia sampuli, yakizamishwa kwenye tope la sehemu zake za kina kirefu, yanafika kwenye udongo mgumu uliowahi kukaa juani. Pale sangara wanapovuliwa leo palikuwa nchi kavu. Watafiti wanauhusisha ukame ule, uliozikumba sehemu kubwa za Afrika na Asia, na kulegea kwa Atlantiki na kubadilika kwa joto la bahari za tropiki. Maji yalirudi ziwani miaka 15,000 hivi iliyopita. Ndiyo maana spishi zaidi ya 500 za samaki waitwao furu zilizolijaza baada ya hapo huwashangaza wanabiolojia kwa uchanga wao.

Kinachomwagwa baharini safari hii ni maji ya barafu inayoyeyuka kwa joto tulilolileta. Antaktika maji hayo huishia kwenye ukingo wa bara, mahali hasa chumvi inapotakiwa. Februari 2010 ulimi wa barafu wa Mertz, uliokuwa ukiilinda polinya ya pwani ya Adélie, ulivunjika baada ya kugongwa na kilima cha barafu, na uzalishaji wa maji mazito hapo ukaporomoka. Mwaka 2023 watafiti wa Australia na wenzao walichapisha modeli inayoonyesha kuwa, uchafuzi ukiendelea kwa kiwango cha juu, mzunguko wa vilindi wa Antaktika unaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 40 ifikapo 2050. Mwenendo wenyewe haujanyooka: kwenye Bahari ya Ross chumvi ilipungua kwa miongo kadhaa, kisha kuanzia 2014 hivi ikaanza kupanda tena.

Kaskazini, vifaa vilivyotiwa nanga kukatiza Atlantiki kwenye latitudo ya 26.5 vimekuwa vikiupima mzunguko tangu 2004, na wastani wake ni mita za ujazo milioni 17 hivi kwa sekunde. Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021 inasema kuna uwezekano mkubwa sana utadhoofika katika karne hii, na kwa imani ya kiasi kwamba hautaporomoka ghafla kabla ya 2100. Ukiporomoka, ripoti hiyo inataja mkanda wa mvua za tropiki kusogea kusini na misimu ya mvua ya Afrika kudhoofika. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Mito yote, Kagera ikiwemo, huleta sehemu iliyobaki.